Nipo Munich na wikendi moja tu: Salzburg inalipa au niende kwingine?

mpigakinanda_Gungu

Wakuu habari za jioni, mwakeye kwa Waha wenzangu hata kama jua lishazama.

Mi nipo Kigoma hapa Gungu, kazini wamenipangia mafunzo Munich Ujerumani mwishoni mwa Novemba mpaka wiki ya kwanza ya Desemba, tiketi ya ndege na viza wanashughulikia wao, mimi najilipia tu kule kuzurura. Sasa katikati kuna Jumamosi na Jumapili ambazo hatuna ratiba. Wenzangu tunaosafiri nao mmoja anataka Paris akapige picha na ule mnara, mwingine kang'ang'ania Amsterdam. Mi nje ya kazi napiga kinanda kwaya ya parokia toka ujana, na kuna padri wetu mmoja mzee ndo alinitia sumu kwamba ukifika Munich na usivuke kwenda Salzburg, Austria, umejidhulumu, ni karibu sana na ndo mji wa Mozart na muziki kila kona.

Sasa nauliza, kweli kuna cha maana pale au ni mji wa maduka yanayouza jina la marehemu kwa watalii? Mtu ambaye Kijerumani changu kinaishia danke nitafaidi nini? Na hiyo baridi, mtu wa ziwani nitarudi mzima? Bajeti yangu ya kawaida kabisa msinipeleke kwenye opera ya milioni. Waliofika au wanaojua tusaidiane, wale wa "si ugugo mwenyewe" pitieni kushoto.

Kitete_Boy

Mwangaluka wakuu. Mpiga kinanda nikwambie ukweli usikasirike, huyo Mozart mwenyewe Salzburg aliikimbia. Kuzaliwa alizaliwa pale 27 Januari 1756 sawa, lakini kasome barua zake uone alivyokuwa anaulalamikia ule mji, na bosi wake Askofu Mkuu Colloredo alikuwa anamkalisha meza ya chakula na wapishi na watumishi wa ndani, mtu ambaye toka mtoto ameshapiga mbele ya wafalme wa Ulaya. 1781 akaomba kuacha kazi, ofisa mmoja wa askofu anaitwa Arco akamtoa mlangoni kwa teke la makalio, na hilo teke Mozart mwenyewe ndo kaliandika kwenye barua kwa baba yake, sio umbea wangu. Akabaki Vienna, akaoa Vienna, akafia Vienna 1791. Salzburg sanamu yake wamekuja kuisimamisha 1842 mtu keshaoza, na sa hivi sura yake ipo kwenye chokoleti, kwenye sumaku za friji, mpaka soksi.

Kingine, tamasha lao kubwa la muziki lile lililoanza 1920 ni Julai na Agosti. We unaenda Novemba utakuta nini? Panda treni ya Munich Vienna kama masaa manne hivi uone mji mkubwa. Salzburg ina watu laki na nusu tu, Tabora manispaa tunawazidi mara mbili.

BintiUvinza

Kitete_Boy historia umeisema vizuri ila ushauri umeupindisha.

Mi nimesoma Austria, Salzburg nilikuwa naenda sana kwa sababu rafiki yangu alikuwa anakaa kule, na kwetu ni Uvinza kwa hiyo mnisamehe nikianza na chumvi badala ya huyo Mozart. Yani bila chumvi ule mji usingekuwa na Mozart, wala kanisa la kumwajiri, wala huyo askofu wa kumpiga teke.

Iko hivi kaka. Kusini ya Salzburg kama kilomita 15 kuna mji mdogo unaitwa Hallein, juu yake kuna mlima Dürrnberg na ndani ya mlima ni chumvi. Imechimbwa toka kabla ya Kristo. Baadae maaskofu wakuu wa Salzburg ndo wakawa wenye nchi, sio askofu wa kubariki tu, huyu ana jeshi, ana mahakama, anatoza kodi, na chumvi ya Hallein ni yake. Walikuwa wanaingiza maji kwenye mashimo mle mlimani yanayeyusha chumvi, hayo maji wanayashusha mpaka bondeni Hallein yanachemshwa kwenye masufuria ya chuma mapana kuliko chumba, kuni zinakuja zinaelea mtoni, halafu chumvi inapakiwa kwenye mashua inashuka na mto Salzach, inapita Salzburg inaenda kuuzwa. Mi nilipopelekwa kwenye ule mgodi (siku hizi ni wa watalii, uzalishaji ulifungwa 1989) sikuhitaji mtu wa kunielezea, kwetu mabibi walikuwa wanachota maji ya zile chemchemi karibu na mto Ruchugi wanachemsha kwenye vyungu, na misafara ya Ujiji na Tabora ikipita inanunua. Kazi ni ile ile. Kilichotofautiana ni hela ilikaa kwa nani. Kule ilirundikana kwa mtu mmoja, askofu, na askofu akanunua mawe na muziki. Kajenga kanisa, kajenga majumba, kaajiri waimbaji na wapiga fidla na wapiga tarumbeta wa kudumu wenye mshahara. Leopold baba yake Mozart ni mmoja wa hao waajiriwa, alitokea Augsburg Ujerumani akaja kusoma akapata ajira kwenye okestra ya askofu akalowea. Sasa niambieni, mshahara ule ulitoka wapi kama sio kwenye chumvi?

Ndo maana nasema usiende kumtafuta Mozart peke yake, huyo utamkuta kwenye maduka mpaka akuchoshe. Nenda uone mji ambao chumvi iliujenga na muziki ukauweka mjini. Mji mkongwe wote upo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1996 na unazungukika kwa miguu, huhitaji basi. Ukisimama darajani unaona vyote kwa pamoja, mto chini, makuba ya makanisa, juu ya mlima ngome ya Hohensalzburg iliyoanza kujengwa 1077, na nyuma yake Alps zenyewe zina theluji. Panda mpaka ngomeni, kuna kijitreni cha kuvutwa na kamba ya chuma kipo toka 1892 kinapanda kama dakika moja, au panda kwa miguu ukiwa na mapafu. We kama mpiga kinanda kuna kitu cha kwako kule juu, ogani ya mashine ya mwaka 1502, wenyewe wanaiita Fahali kwa sababu ya mlio wake, haina mpigaji. Kwa kawaida inalia miezi ya joto, kwa hiyo Novemba utaishia kusikia habari zake tu, ila matamasha madogo mle ngomeni yapo karibu mwaka mzima.

Nyumba aliyozaliwa Mozart ipo Getreidegasse namba 9, jengo la rangi ya njano, makumbusho toka 1880, na fidla yake ya utotoni ipo. Ingia mara moja ili usije ukajuta, vyumba vidogo, watu wengi. Ng'ambo ya mto kuna nyumba waliyohamia 1773 pale Makartplatz, ina nafasi, mi naipenda zaidi hiyo.

Kitete_Boy

Dada umenibana kwenye chumvi. Ila kwenye tamasha la Julai hujanijibu.

BintiUvinza

Tamasha la Julai na Agosti kwa mtu wa bajeti ya kawaida ndo kipindi kibaya kuliko vyote, vyumba vinapanda bei mji unajaa. Kweli kile ni kitu kikubwa, kila mwaka wanacheza ule mchezo wa Jedermann pale nje mbele ya kanisa kuu, na kuna ukumbi umechongwa kwenye jabali ambalo walitoa mawe ya kujengea kanisa. Lakini mwishoni mwa Novemba ni Majilio, yale majuma ya kuisubiri Krismasi, na mji wa Kikatoliki vile Majilio sio mchezo. Uwanja wa kanisa kuu unakuwa soko la Krismasi, vibanda vya mbao, mishumaa, mikate ya tangawizi, mvinyo wa moto wa viungo, na makundi ya kwaya na tarumbeta yanaimba pale pale nje bure. Kuna na onesho lao la nyimbo za Majilio lipo toka 1946, hilo la kulipia na tiketi zinaisha mapema. Mi ningekuwa mpiga kinanda ningechagua Majilio kuliko Agosti, tena bila kufikiria.

mwl_Ngambo

Vijana salaam. Nimefundisha kwaya hapa Tabora muda mrefu sasa, niongezee upande wa kanisani maana hapo dada kapita haraka.

Mdogo wangu wa Gungu, wikendi yako yote ipange kuizunguka Jumapili saa nne asubuhi, misa ya kanisa kuu la Salzburg. Mara nyingi Jumapili kunakuwa na kwaya na okestra kamili, misa za Mozart, za Michael Haydn, na hao walizitunga wakiwa waajiriwa wa mji ule ule. Watalii siku hizi wanatozwa kuingia kanisani nje ya ibada, mwenda misa haulizwi kitu. Kwa maana hiyo kile ambacho mwingine anakilipia yuro nyingi ukumbini wewe unakipata kwa sadaka yako, na unakipata mahali kilipotungiwa, sio jukwaani.

Ukiingia angalia beseni la ubatizo, Mozart alibatizwa hapo kesho yake baada ya kuzaliwa. Jengo lenyewe liliwekwa wakfu 1628, bomu la vita liliangusha kuba 1944, wakalirudishia mpaka 1959. Halafu inua macho. Mbali na ogani kubwa ya nyuma, pale katikati kwenye nguzo nne chini ya kuba kuna roshani zenye ogani nyingine. Zamani wanamuziki waligawanywa kwenye hizo roshani, waimbaji hapa, tarumbeta pale, sauti inakufikia kutoka pande zote. Sisi tunaolia parokia haina hata spika mbili zinazolingana, pale unaelewa kwamba jengo lenyewe ni ala. Na Mozart tangu 1779 alikuwa ndo mpiga ogani wa askofu, ni kazi yako wewe hiyo hiyo ya kuitikia kengele na kumsubiri padri.

Sasa na hili la Colloredo, Kitete_Boy kalisema kwa upande wa teke, mi nalisema kwa upande wa noti. Askofu yule hakutaka misa ndefu. Kuna barua ya 1776 Mozart anaeleza kwamba misa nzima, hata ile ya sherehe anayoongoza askofu mwenyewe, isizidi robo tatu ya saa. Na bado anataka tarumbeta na ngoma ziwemo! Ndo maana misa zake nyingi za Salzburg ni fupi, Utukufu na Nasadiki vinakimbia, hakuna kurudia rudia maneno, kila kipande kimebanwa. Watu wanasema alinyanyasika, mimi kama mwalimu wa kwaya nasema ubanaji ule ndo uliomfundisha kusema jambo kubwa kwa vipimo vichache (zile "bars" za kwenye noti). Ile Ave Verum tunayoimba kwenye komunyo aliitunga 1791, miezi michache kabla ya kufa, huko karibu na Vienna, lakini hesabu vipimo vyake, 46 tu. Hiyo ni tabia ya Salzburg.

MamaMgebuka

Mwalimu shikamoo. Misa dakika 45?? Kwetu hapo bado tupo kwenye matangazo 😂😂

mwl_Ngambo

Marahaba mwanangu. Na mnada wa jogoo haujaanza.

MamaMgebuka

Mi niongeze umbea wa mji maana nyie mmekaa kwenye noti tu. Kuna bustani inaitwa Mirabell, kuingia bure, maua (kwa Novemba sijui mtaona nini zaidi ya masanamu) na ngazi ambazo wale watoto wa ile filamu ya 1965, The Sound of Music, waliimbia. Basi lile jumba la hapo bustanini lilijengwa 1606 na Askofu Mkuu Wolf Dietrich, mnajua alimjengea nani? Mama watoto wake! Anaitwa Salome Alt, binti wa mjini pale, na walizaa watoto 15. Askofu Mkatoliki. Kumi na watano. Na hakuficha.

Na BintiUvinza atafurahi, kilichokuja kumwangusha sio Salome wala watoto, ni chumvi! Aligombana na Bavaria, jirani zake upande wa Ujerumani, juu ya biashara ya chumvi, 1611 akapeleka majeshi, akapigwa, akakimbia akakamatwa, 1612 wakamfungia kwenye ile ile ngome ya Hohensalzburg na humo humo akafia 1617. Aliyemfungia ni binamu yake, Markus Sittikus, naye akarithi uaskofu akajijengea jumba lake la starehe Hellbrunn, lina meza ya mawe ya kulia chakula nje na viti vyake vina matundu ya maji, wageni wakishakaa maji yanaruka kutoka kitini, kiti cha askofu peke yake ndo kikavu. Watu walikuwa na vituko jamani. Hayo maji majira ya baridi yanafungwa ila pale Hellbrunn nako kuna soko la Krismasi.

Ujiji_Express

Assalaam alaykum, mi nimewahi kukaa Munich kikazi nishushe upande wa njia maana hapa kila mtu ni mwanahistoria.

Viza yako ya Ujerumani kama ni ya Schengen inakuingiza Austria hiyo hiyo, usikate nyingine. Ila hakikisha tarehe za viza na bima ya safari zinafunika siku zote. Kutoka Munich stesheni kuu mpaka Salzburg stesheni kuu ni chini ya masaa mawili. Usikurupuke kununua tiketi ya treni ya haraka, kuna tiketi ya siku ya jimbo inaitwa Bayern-Ticket, inakubalika mpaka Salzburg japo ni Austria, na Jumamosi na Jumapili inaanza kutumika toka usiku wa manane, siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi. Ni ya treni za kawaida za mkoa tu, ukipanda nayo ile ya haraka ni faini. Mkiwa wengi mnatumia moja mnaongeza kidogo kwa kila kichwa, kwa hiyo washawishi hao wenzako wa Paris, Paris kwa treni ni nusu ya siku inaliwa njiani kwenda tu.

Pasipoti tembea nayo mwilini usiache hotelini Munich. Wakati wa kurudi treni inasimama mpakani Freilassing polisi wa Kijerumani wanapanda wanakagua, na sisi rangi yetu wanaikagua vizuri zaidi, nasema kama ilivyo. Ukiwa na pasipoti na viza wanaangalia wanakurudishia yanaisha.

Kulala, wikendi za Majilio Salzburg bei inapanda, ukiona imekushinda lala huko huko Freilassing upande wa Ujerumani, ni dakika chache kwa treni. Maji usinunue, ya bomba yanatoka milimani safi kabisa, beba chupa. Yuro moja fanya hesabu ya kama elfu tatu hivi, ukikaa kwenye mgahawa wa watu wenye koti refu kahawa na kipande cha keki imeondoka hela ya kula wiki nzima migebuka na ugali. Kuna kibanda kwenye kichochoro cha Getreidegasse wanauza mkate wenye soseji mbili, vitunguu na unga wa bizari, foleni haiishi, lakini ndugu zangu wa Ujiji ile ni nguruwe tahadhari.

Baridi: digrii sifuri mpaka tano hivi, mvua au theluji, ule mji una mvua sana kwa sababu mawingu yanagonga milima yanamwagia hapo. Usinunue koti kule. Pita soko la Mwanga kwenye mitumba utafute koti zito la kuzuia maji, makoti yale yalitoka huko huko sasa yanarudi kwao kusalimia. Viatu ndo kitu cha kutumia hela, barabara za mawe zikilowa zinateleza. Na ujue saa kumi na nusu jioni kiza kinaanza kuingia, kwa hiyo ngome panda mapema mchana, jioni achia masoko na muziki.

mpigakinanda_Gungu

Aisee nimepata zaidi ya nilichouliza. Mwalimu shikamoo sana, hiyo ya Jumapili saa nne imeshaingia kwenye ratiba na hakuna atakayeitoa. BintiUvinza asante dada, yani mi chumvi ya Uvinza natumia kila siku sikuwahi kuifikiria hivyo. Kitete_Boy na wewe asante, teke limenisaidia kumwona jamaa kama mtu.

Sasa Jumamosi nimebaki na uamuzi, Hallein kwenye mgodi au nibaki mjini? Na padri alinitajia wimbo wa Krismasi wa usiku mtakatifu kwamba nao umetoka pande hizo, kweli?

mwl_Ngambo

Kweli kabisa. Kijiji cha Oberndorf, karibu kilomita 20 kaskazini ya Salzburg, mkesha wa Krismasi 1818. Padri msaidizi Joseph Mohr, mzaliwa wa Salzburg mjini, alikuwa na shairi lake aliloliandika miaka miwili kabla, akampa Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule kijiji cha jirani na mpiga ogani pale kanisani, amtungie sauti. Wakaimba wawili kwa gitaa. Watu wanasimulia kwamba ogani iliharibiwa na panya, hadithi tamu lakini usiisimulie kwa wanakwaya kama ni neno la Mungu. Lililo hakika ni gitaa, na kwamba Mohr alizaliwa kwenye umaskini, mama yake mfumaji hana mume. Kanisa lenyewe mafuriko ya mto Salzach yaliliharibu likabomolewa, sasa kuna kikanisa kidogo kilichowekwa wakfu 1937. Treni ndogo ya mtaa inatoka stesheni kuu ya Salzburg, kama nusu saa.

Nakushauri mgodi uache. Mpiga ogani wa parokia na mwalimu wa shule ya msingi ndo waliotoa wimbo ambao dunia nzima inauimba, na mimi nimekuwa vyote viwili. Nenda Oberndorf.

BintiUvinza

Mwalimu unaniharibia mgodi wangu jamani 😄 Sawa, afanye hivi, Jumamosi afike mapema, Oberndorf asubuhi, mchana ngome, jioni soko la kanisa kuu. Jumapili misa, halafu Hallein mchana kama miguu bado ipo, ni treni fupi tu. Mgodini unavaa ovaroli nyeupe unateleza kwenye mabomba ya mbao kama mtoto, na chini kwa chini unavuka mpaka wa Austria na Ujerumani bila polisi wa Ujiji_Express kukuona. Angalia tu ratiba yao ya baridi kwanza. Ile gari ya kamba ya kupanda mlima Untersberg usiihesabu, Novemba huwa wanaifunga kwa matengenezo.

Kitete_Boy

Nakubali matokeo. Ila mi swali langu ni kwetu, Kigoma mmetoa wanamuziki nchi nzima wanajua, Diamond na Ali Kiba wote asili yao huko, nyumba gani mgeni akishuka stesheni ya Mjerumani pale anaonyeshwa? Salzburg mtu aliondoka kwa teke na bado wana nyumba zake mbili.

MamaMgebuka

Tuanze na stesheni yenyewe ipakwe rangi kwanza.

Ujiji_Express

Halafu kitu kimoja, mpiga kinanda kama mafunzo yanakukuta huko tarehe 5 Desemba, usishtuke. Kuna vijana wanavaa ngozi za mbuzi na vinyago vya pembe na kengele kubwa kiunoni wanakimbiza watu mtaani, wanaitwa Krampus, wanatembea na Mtakatifu Nikolasi, yeye anagawa zawadi wao wanachapa fimbo za miguu. Ni mila yao ya milimani huko, ukikimbia ndo wanakufuata zaidi.

mpigakinanda_Gungu

Hahaha hapo ndo nitajua viatu vya kuzuia kuteleza vina kazi gani. Swali la mwisho wakuu, wanakwaya wameshaagiza chokoleti za Mozart. Ni zipi? Maana nimeona kwenye picha zipo za aina mia.

BintiUvinza

Zile za karatasi nyekundu na dhahabu ni za kiwandani, zipo kila mahali mpaka uwanja wa ndege. Za asili ni za duka la Fürst, Paul Fürst ndo aliyezibuni 1890, karatasi ya fedha na bluu, zinatengenezwa kwa mkono na zinauzwa Salzburg kwenye maduka yao tu. Ndani kuna pistachio na mazipani halafu nugati. Kwa kwaya nzima utafilisika, nunua nyekundu za wanakwaya, za bluu chache za padri na za nyumbani kwako, na zibebe mkoba wa mkononi ukae nazo, ukifika Kigoma na lile joto la kushuka kwenye ndege usizipitishe kwanza ofisini.